Je, Pikipiki ya Nyumbani Yahitaji Saa Mbili?

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mtu atoaye akiba ya miaka miwili kununua jembe moja tu hana budi kulitazama vizuri kabla ya kulipa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa koplo mmoja aliyerudi likizo nyumbani kwake karibu na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, huko ambako boda boda zilianza kwa baiskeli kabla ya pikipiki kuingia. Alikusudia kumwachia mkewe pikipiki ya kupelekea maziwa sokoni. Dukani walikuta pikipiki mbili zenye injini za ukubwa mmoja. Ya kwanza ilikuwa na saa ya mwendo peke yake. Ya pili ilikuwa na hiyo pamoja na takometa, yaani saa ionyeshayo injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Koplo aliipenda ya pili, kwani alijifunzia pikipiki ya namna hiyo kazini. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, mshale huo wa pili utanisaidia nini nawe uko kambini?"

Swali hilo lastahili kujibiwa kwa haki. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika kila sekunde. Ikizidishwa kupita kiasi kilichowekwa na kiwanda, ambacho katika takometa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, springi zaweza kushindwa kuzifunga vali kwa wakati, na vali zikagongana na pistoni. Kwa upande mwingine, injini ikizunguka polepole mno katika gia kubwa huku mzigo ni mzito, hutetemeka, hugonga, na kuuvuta mnyororo kwa mishtuko. Takometa huyaonyesha mambo hayo yote mawili.

Lakini si takometa peke yake iyaonyeshayo. Maadamu klachi haitelezi, mwendo wa gurudumu na mzunguko wa injini hufuatana daima katika kila gia. Mwendo ukiongezeka maradufu katika gia ile ile, mizunguko nayo imeongezeka maradufu. Ndiyo maana pikipiki nyingi ndogo za Kijapani za zamani zilichorwa alama za gia juu ya saa ya mwendo, ili mwendeshaji ajue kila gia isipitishwe mwendo gani. Honda Super Cub ilianza kuuzwa mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Pikipiki hiyo imejulikana kwa saa yake moja ya mwendo, na imebeba mizigo na familia katika nchi nyingi.

Takometa ina mahali pake. Askari aendeshaye katika msafara wa magari, masikio yamefunikwa na kofia na upepo unavuma, huenda asiisikie injini yake. Pikipiki za mashindano, ambazo nguvu zake hupatikana katika mizunguko ya juu tu, huihitaji pia. Fundi naye huitumia kurekebisha mzunguko wa injini inayonguruma pikipiki ikiwa imesimama. Hata hivyo, takometa haimwokoi mtu ashushaye gia ghafla akiwa katika mwendo mkali. Hapo gurudumu ndilo linaloizungusha injini kwa nguvu, na mshale ukifika penye wekundu, madhara huenda yamekwisha kutendeka.

Koplo na mkewe walikwenda kwa fundi mmoja mzee. Akamwambia koplo, "Afande, mfundishe mama kusikiliza. Injini ikilia kwa sauti kali, apandishe gia. Ikigonga na kutetemeka kilimani, ashushe gia moja mapema, kabla mwendo haujaisha. Na asubuhi atazame oili kabla ya kuwasha."

Walinunua pikipiki yenye saa moja. Fedha iliyosalia ilitosha kofia mbili za kichwani, moja ya mama na nyingine ya atakayepakiwa nyuma. Kwa siku zilizobaki za likizo, koplo alimfundisha mkewe katika uwanja wa mpira. Alifunika saa ya mwendo kwa kitambaa, naye mama akabadilisha gia kwa kusikia tu. Siku ya kwanza injini ilimzimikia mara nyingi. Siku ya tano alipanda kilima cha sokoni na madebe mawili ya maziwa bila injini kugonga hata mara moja.

Kwa hiyo, familia inayonunua pikipiki ya kazi za nyumbani haina haja ya kulipia takometa. Inayoikuta pikipikini na ijifunze kuisoma, kwa maana ni mwalimu mzuri kwa mwanafunzi. Lakini kofia, breki, tairi na oili vitangulie. Naye atakayebaki nyumbani na pikipiki afundishwe kuisikiliza kabla mwenzake hajarudi kazini, kwa kuwa siku itakapoharibika njiani atakuwa peke yake.