Tufungue Masanduku ya Koko

Mama zangu wa Katindo hapa Goma, dada zangu, na ninyi vijana mnaojifunza ushonaji kwenye barza za jirani: kila ndoa ikikaribia tunaletewa habari ileile. Kamati imekaa, kikwembe kimechaguliwa, upande wa bibi harusi utavaa hiki na upande wa bwana kile. Yadi 6 kwa kila mama. Ukisema huna, hakuna atakayekufukuza, ila utakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na mpiga picha hatafika huko. Nimekaa huko. Moshi wa huko naujua.

Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifunga milango, na nyumba nyingi bado hazijasimama sawa. Katika hali hii, kumwagiza kila mgeni anunue kitambaa kipya ni kumtwisha deni ili mwenzake apendeze. Kwa hiyo naziomba kamati zetu za ndoa zijaribu jambo moja: kila mama avae kikwembe cha zamani alicho nacho, kwa mshono wa zamani, na ajishonee mwenyewe. Rangi zitatofautiana, ndiyo. Mshono ndio utakaotuunganisha: libaya yenye kiuno kilichobanwa na mikono iliyofura mabegani, ile iliyo kwenye picha za koko, yaani bibi zetu.

Mshono huo una historia yake. Nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaire mwaka 1971, siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili iliingia hadi kabatini. Wanaume wakavaa koti la abakosti, bila tai. Wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na wigi. Amri ile ilikuwa ya kibabe na siombi irudi hata kwa saa moja. Lakini mafundi walioshona chini yake walikuwa na akili nyingi vidoleni. Libaya ilichukua kikwembe kimoja, cha kujifunga kikawa cha pili, na cha tatu kikazungushwa kiunoni juu ya vyote. Yadi 2 mara tatu: hesabu ya yadi 6 inatimia hapo.

Masanduku yenye nguo hizo yamepungua. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na kilichokuwa ndani ya nyumba hatukukiona tena. Mlima ulipolipuka tena Mei 2021 na watu wakaelekea Sake na Rwanda, niliona mama akiwa na mtoto mgongoni na fuko la vikwembe kichwani. Wengine walimshangaa. Mimi nilimwelewa, maana kikwembe kizuri ni akiba: ukikwama njiani unakiuza. Aliyebakiwa na sanduku basi, na alifungue. Na aliyebakiwa na picha tu ailete tuipige kwa simu. Mkono wa libaya unaweza kusomwa hata kwenye picha iliyofifia.

Kitambaa cha zamani kina faida ambayo kipya hakina. Wax mpya, hata ile ya Vlisco inayotoka Helmond kule Uholanzi, inafaa ifuliwe kabla ya kukatwa kwa sababu pamba husinyaa. Cha koko kimefuliwa miaka 30, kimeshasinyaa kiasi chake, na rangi iliyotaka kutoka imekwisha kutoka. Kishike tu dirishani: mahali mwanga unapopenya kirahisi pamechoka, pasikae kwenye makalio wala kwapani.

Usiifumue libaya ya zamani. Ilaze juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, toboa kwa pini kufuata mishono, unganisha vitobo kwa kalamu, kisha ongeza sentimita 2 pande zote. Mikono ndiyo kazi yenyewe. Kata karatasi ya mkono vipande vinne kutoka juu kwenda chini bila kuvitenganisha kule chini, vitanue juu kwa sentimita 5 kila mwanya, na hapo umepata sentimita 15 za kufura. Pitisha mistari miwili ya mishono mirefu, vuta nyuzi polepole, gawa marinda sawasawa, halafu tia ndani kitambaa kigumu cha kola ili bega lisilale. Mara yangu ya kwanza nilishona mkono wa kushoto kulia, nikaenda kanisani hivyo hivyo. Na ua kubwa la kikwembe liweke katikati ya mgongo, maana kanisani wengi watakuona kwa nyuma.

Ninyi mafundi, msiogope kupoteza wateja. Mtu akishapambana na mkono mmoja usiku kucha, atakuletea wa pili na hatabishana bei. Tena mtapumua: nani hajasimama barzani siku ya ndoa yenyewe akiambiwa nguo yake imebaki vifungo tu? Toza kwa kukata, toza kwa mikono, mengine mfundishe. Na mwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono, ile iliyosukumwa nyuma ya mlango, aitie mafuta. Haiulizi kama umeme upo.

Mimi naanza na barza yangu. Jumamosi, salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ikishaisha na mikono ikishanawiwa, majirani karibuni: kila mmoja na mkasi wake, na kikwembe au picha. Pasi ya makaa nitakuwa nimeshaiwasha. Mifuko ya saruji leteni, ila kwanza ikung'uteni huko barabarani. Vumbi lile likiingia kwenye libaya nyeupe, hata koko mwenyewe hatatusamehe.