Tovuti si hati ya jina
Na Mwanasha Bakari

Akina mama wa Kibuyuni, Kwale, hawategemei tena gunia la mwani mkavu peke yake. Sasa wanatengeneza na sabuni. Sabuni ikishapata lebo, kijana yeyote mwenye simu nzuri atawaambia: nunueni jina la tovuti haraka kabla halijachukuliwa. Kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari.

KeNIC, inayosimamia majina yote yanayoishia na .ke, humpa jina aliyetangulia kuomba. Haikuulizi kama jina hilo tayari ni la biashara ya mtu. Nasi watu wa Kwale hatuhitaji kufundishwa tofauti ya kukaa kwenye shamba na kuwa na hati yake. Hati ya jina hutolewa na KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani iliyoko Nairobi, na hati hiyo ni alama ya biashara: hudumu miaka 10, kisha unaihuisha.

Wengi huponzwa na kuongeza neno. Unachukua jina linalokaribiana na la sabuni maarufu, unabandika "Kwale" mwishoni, unadhani umejitenga. Hujajitenga. Kwa majina ya .com, tangu 1999 ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, lina utaratibu wa kumnyang'anya mtu jina, ila mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba linachanganya watu na alama yake, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mama asiyejua huenda akaokolewa na hilo la mwisho. Lakini akishtakiwa mahakamani kwa kuingilia alama ya mtu, kutojua hakutamsaidia sana, na lebo zote zimeshachapwa.

Mimi lakini nahofia zaidi upande wa pili: mjanja wa mbali kuliwahi jina la Kibuyuni. Msiseme haiwezekani. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kule kwao. Ikabidi wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, wapinge hadi ombi likaanguka. Disney nayo ilisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003, kwa ajili ya fulana.

Sheria yetu ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inaruhusu alama ya pamoja, inayomilikiwa na chama kwa niaba ya wanachama wake, hata yenye jina la mahali. Wasusi wa vikapu vya Taita walishaifuata njia hiyo. Basi kikundi kianzie KIPI kutafuta kama jina liko wazi, tena kwa kila aina ya bidhaa: sabuni iko daraja la 3, juisi la 32, na kila daraja lina ada yake. Tovuti ifuate, lebo ije mwisho.

Kaunti ya Kwale, ambayo haichoki kupiga picha na mwani huo kwenye maonyesho, iwalipie ada hizo.