Kitambi si cheo
Hapa kijiweni kwetu Magomeni kitambi bado kinahesabiwa mafanikio. Mzee akipungua kidogo tu, anaulizwa kama anaumwa. Mimi nina miaka 67, mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na wenzangu wananipongeza! Pongezi hizo zikome, maana kitambi huandamana na shida za tezi dume.

Shida hizo tunausingizia uzee peke yake. Uzee upo, kurithi kupo. Lakini wanaume wanene husumbuliwa zaidi na tezi iliyotanuka: kuamka kwenda chooni usiku kucha, mkojo kukatikakatika. Saratani yake nayo, ikimpata mnene, huelekea kuwa kali zaidi.

Kinachonikera hasa ni kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuchunguza saratani hiyo. Mwili mkubwa una damu nyingi, hivyo ile protini inayopimwa huzimuliwa na namba inaweza kuonekana ndogo kuliko hali ilivyo. Mtu anarudi kijiweni akitamba, chipsi mayai mkononi. Majibu hayo daktari ayasome pamoja na uzito wa mgonjwa. Na zahanati zitupime kiuno, si presha tu. Tepu ya fundi cherehani inatosha.