NANI ALIYESHINDWA: WATOTO AU MABWANA?

Wako watu ambao, wakionyeshwa wilaya ndogo ambayo watoto wake wanaanguka mitihani, hawaulizi sababu. Husema tu eti watoto wale ni wazito wa akili na wazazi wao hawapendi elimu. Watu hao tunawaalika Prince Edward, wilaya ya mashamba ya tumbaku katika jimbo la Virginia, Marekani, wakatazame jinsi ujinga unavyotengenezwa kwa mikono ya watu.

Shule ya Moton, ya watoto weusi, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufika 1951 walikuwa zaidi ya 450, wengine wakisomea katika vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami. Tarehe 23 Aprili mwaka huo wanafunzi wenyewe waligoma, wakiongozwa na Barbara Johns, binti wa miaka 16. Je, hao ndio wasiopenda elimu?

Kesi yao ilikuwa moja ya zile zilizoamuliwa mwaka 1954, mahakama kuu kabisa ya nchi ilipokataza ubaguzi mashuleni. Na wakubwa wa wilaya walijibu nini? Mwaka 1959, walipoamriwa kuwachanganya watoto, walikataa kutoa fedha, wakafunga shule zote za serikali! Watoto wa Wazungu wakafunguliwa shule yao ya binafsi, nayo ikapata kusaidiwa kwa fedha za kodi, kodi ambayo hata mtu mweusi alilipa. Watoto weusi wapatao 1,700 wakafungiwa mlango. Wachache walipelekwa kwa jamaa wa mbali. Wengine waliokota masomo mawili matatu makanisani. Wengi hawakupata kitu. Mambo yakawa hivyo miaka mitano, hata mahakama ilipoamuru mwaka 1964 shule zifunguliwe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo zilifunguliwa shule za bure za msaada, na walimu wakapokea watoto wakubwa wasiojua kusoma hata neno moja. Haya, mabwana, mpeni mtoto huyo karatasi ya mtihani, kisha mwandike kwamba ameshindwa! Nasi twataka orodha ya pili ibandikwe kando ya hiyo ya walioanguka: majina ya walioshika fungu la fedha wakakataa kulitoa.

Bunge la Virginia lilipitisha msaada wa masomo kwa watu wale waliofungiwa shule mwaka 2004. Wengi wao walikuwa wamekwisha pata wajukuu.