Kunyakuliwa, au Kumlaki Bwana?



Katika mitaa yetu swali moja huulizwa siku hizi kwa sauti ya kutisha: unyakuo ukitokea usiku wa leo, wewe utachukuliwa au utabaki? Huulizwa ndani ya basi, hutangazwa kwa vipaza sauti, hutumwa kwa simu pamoja na picha za magari yasiyo na dereva na nguo zilizoanguka chini bila mwenyewe. Kijana Mkatoliki akiulizwa hivyo mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa hakupata kulisikia neno hilo katika mafundisho ya Kipaimara, na kwa hiyo hudhani kwamba Kanisa lake halina la kujibu. Kanisa lina la kujibu. Nami natamka rai yangu mapema: maandiko yanayotumiwa kuhubiri unyakuo hayaelezi habari ya watu kutoroka dunia, yaeleza habari ya watu kutoka nje kumpokea Bwana anayekuja.

Kwanza tuwatendee haki wanaofundisha unyakuo. Wengi wao wasema kwamba Kristu atakuja kwa siri kuwatwaa walio wake, kisha itafuata dhiki kuu ya miaka saba, na baadaye atakuja tena hadharani katika utukufu. Hata hivyo hawakubaliani wao kwa wao. Wako wanaosema Kanisa litatwaliwa kabla ya dhiki, wako wanaosema katikati yake, na wako wanaosema baada yake. George Ladd, mwanatheolojia wa Kievanjeli wa Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 1956 kuonyesha kwamba unyakuo wa kabla ya dhiki haumo katika Biblia. Walutheri, Waanglikana na Wapresbiteri kwa kawaida huungama kama sisi ujio mmoja wa Bwana, ufufuko wa wafu na hukumu. Basi asije mtu akawaambia kwamba ugomvi huu ni wa Wakatoliki na Waprotestanti. Sivyo.

Fundisho la kutwaliwa kwa siri kabla ya dhiki lilipangwa na kuenezwa na John Nelson Darby, aliyezaliwa mwaka 1800. Alikuwa padri wa Kianglikana huko Ireland, akaacha Kanisa lake na kuwa kiongozi katika kundi la Plymouth Brethren. Mawazo yake, kuanzia miaka ya 1830, yalikuwa na mantiki yake: aliona kwamba Mungu ana mpango mmoja kwa Israeli na mpango mwingine kwa Kanisa, na kwamba ahadi zilizotolewa kwa Israeli haziwezi kuendelea kutimizwa mpaka Kanisa liondolewe duniani. Unyakuo kwake ulikuwa mlango wa kulitolea Kanisa nje. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield alichapisha Biblia yenye maelezo ya aina hiyo chini ya kurasa zake. Sisi walimu twajua jambo hili vizuri: mwanafunzi akishaandika daftarini maneno ya kitabu na maelezo ya mwalimu, baada ya mwezi mmoja hatofautishi tena lipi ni la nani. Baadaye zikaja riwaya na filamu, hasa mfululizo wa Left Behind ulioanza mwaka 1995, na picha zile zikafika hata kwetu.

Upya wa fundisho pekee hauthibitishi kwamba ni uongo. Lakini anayekuambia kwamba hivi ndivyo Wakristo walivyoamini sikuzote, mwulize kwa upole kwa nini Mtakatifu Augustino, aliyetumia kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu kueleza siku za mwisho, afundisha ujio mmoja na hukumu moja tu.

Tuyaendee sasa maandiko yenyewe. Fungueni Waraka wa kwanza kwa Watesalonike, sura ya 4, na tafadhali msianzie aya ya 17 kama wafanyavyo wahubiri wengi. Anzeni aya ya 13. Paulo aliandika yapata mwaka 50 au 51, kwa jumuiya changa yenye msiba. Baadhi yao walikuwa wamekufa, na waliobaki waliogopa kwamba marehemu wao wamekosa nafasi: Bwana akija, wao watakuwa kaburini. Paulo awajibu kwamba ni kinyume chake. Waliokufa katika Kristu watafufuka kwanza, ndipo walio hai watakapochukuliwa pamoja nao. Uzito wa maneno uko hapo, katika kule kuwa pamoja. Naye amaliza, katika aya ya 18, kwa kuwaagiza wafarijiane. Hii ni barua ya rambirambi. Waliokwisha kuzika ndugu zao porini wakati wa kukimbia vita, bila padri, bila jeneza, hata bila alama ya kaburi, wataielewa upesi kuliko mtaalamu yeyote. Inanisikitisha kuona barua iliyoandikwa ili kuwatuliza wafiwa ikigeuzwa kuwa kitisho cha kuwanyima watoto usingizi.

Na siri iko wapi? Paulo ataja mwito wa amri, sauti ya malaika mkuu na tarumbeta ya Mungu. Sijaona tukio lenye kelele zaidi ya hilo katika Agano Jipya lote.

Sasa neno lenyewe. Watu hushika kitenzi cha kunyakuliwa, wakaacha kile kinachoeleza shabaha yake: kumlaki Bwana. Kumlaki mtu ni kwenda kumpokea njiani anapokuja. Katika Kigiriki Paulo ametumia neno apantesis, ambalo laonekana pia katika mahali pengine pawili pa kuangaliwa. La kwanza ni Matayo 25, aya ya 6: wale wanawali wanaitwa kutoka kumlaki bwana arusi, na wenye busara waingia pamoja naye arusini. La pili ni Matendo ya Mitume 28, aya ya 15: ndugu wa Roma walisikia kwamba Paulo anakuja, wakatoka mpaka Soko la Apio kumlaki, kisha Paulo akaingia Roma. Hakuna aliyefikiri kwamba ndugu wale walitoka ili waihame Roma.

Desturi hiyo mwaijua. Askofu akija kutembelea parokia, ninyi vijana ndio mnaotangulia hadi mpakani kwa matawi na ngoma. Je, mkishamfikia, mnapanda gari lake na kuondoka naye kwenda mbali, huku parokia ikibaki tupu? Mnageuka, mnamsindikiza kwa nyimbo hadi kanisani, na njia ile mlikuwa mmeifagia tangu jana yake. Nakiri kwamba Paulo hakuandika wazi katika aya ile upande ambao msafara utaelekea, na wataalamu wengine hawataki neno moja libebeshwe mzigo wote huu. Lakini nikiulizwa lipi lapatana zaidi na imani ya kwamba Bwana atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na kwamba viumbe vyote vyangojea ukombozi, kama Paulo huyohuyo awaandikiavyo Warumi katika sura ya 8, kwangu jibu ni la msafara unaorudi na Mfalme.

Watawatajia pia Matayo 24: wawili shambani, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa. Someni aya zinazotangulia. Yezu alinganisha siku hiyo na siku za Nuhu, na katika siku za Nuhu waliochukuliwa ni wale waliozolewa na gharika. Aliyebaki ni Nuhu.

Neno gumu kuliko yote ni dhiki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 675, yafundisha kwamba kabla ya ujio wa Kristu Kanisa litapita katika jaribu la mwisho litakalotikisa imani ya wengi. Litapita ndani yake; halitazungushwa kando. Nawaomba mlifikirie hilo kwa makini, kwa sababu ahadi ya kwamba waamini wataondolewa kabla taabu haijaanza ni rahisi kuihubiri mahali penye utulivu. Huku mashariki mwa nchi yetu, mama aliyelala kambini chini ya hema la plastiki na watoto wanne atauliza: dhiki ipi hiyo inayongojewa? Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26, mtumishi wa ofisi ya Serikali ya ukaguzi wa bidhaa huko Goma. Alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipitishwe na kuwafikia watu, akauawa Julai 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Hakunyakuliwa kutoka katika ofisi yake. Alimngojea Bwana akiwa kazini.

Nalitaja jambo la kazi kwa makusudi. Katika shule ya ualimu nilipata kuwa na mwanafunzi mwenye akili, aliyeacha masomo miezi michache kabla ya mtihani wa Serikali kwa sababu katika kikundi cha sala alichojiunga nacho waliambiwa kwamba hakuna atakayehitaji diploma. Miaka imepita, Bwana hajaja, na diploma hana. Watesalonike nao walikuwa na watu wa namna hiyo. Someni Waraka wa pili: sura ya 2 yakataza kufadhaishwa na wanaodai siku imefika, na sura ya 3 yawaamuru wavivu wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Wanaotaja tarehe, historia imewajibu. Edgar Whisenant alitaja Septemba 1988. Harold Camping alitaja tarehe 21 Mei 2011, akasogeza mbele hadi Oktoba. Lakini tusiwacheke kama watu walio salama. Moto wa Kanungu, nchini Uganda, uliowaua mamia ya watu tarehe 17 Machi 2000, ulitokea si mbali na mpaka wetu, katika kundi lililongojea mwisho wa dunia, na viongozi wake walitoka miongoni mwa Wakatoliki, hata mmoja alikuwa padri aliyeacha utii. Kundi lile lilizaliwa katika maono, kufunga na rozari zilizotengwa na Kanisa. Kikundi chochote cha sala kinachomficha paroko wake mambo yake kinanitia hofu, hata kikiimba vizuri.

Na kosa letu wenyewe lipo. Katika kila Misa, baada ya mageuzo, tunatangaza kwamba Bwana atakuja, kisha tunaliacha tangazo hilo pale altareni kana kwamba ni maneno ya adabu tu. Majilio yote tunayageuza kuwa maandalizi ya sherehe ya Noeli, ilhali masomo ya majuma yake ya kwanza yahusu ujio wa mwisho. Jirani akija na swali lake la kutisha, anakuta nyumba isiyo na mtu wa kumfungulia. Napendekeza kila kikundi cha vijana katika mashirika yetu kichukue Domingo nne za Majilio zijazo, kisome nyaraka hizo mbili kwa Watesalonike tangu mwanzo hadi mwisho, sura nane tu, na kiwaalike pia vijana wa makanisa jirani wanaotaka kuja. Wao wana hamu ya kumwona Bwana, nasi twaihitaji hamu hiyo. Biblia waje na za kwao.