Mgeni hawezi kuwa salama kuliko mwenyeji

Makamanda, leo naomba tusemane sisi kwa sisi kwanza, halafu tuwageukie wao.

Tangu 31 Oktoba Marekani ilipoipandisha Tanzania hadi ngazi ya 3 ya tahadhari za usafiri, kati ya ngazi 4, nimeona kwenye magrupu yetu watu wakishangilia. "Acha wazungu wasije, CCM waisome namba." Ngazi ya 3 maana yake raia wao anaambiwa afikirie mara mbili kabla ya kuja. Swali langu ni moja tu: hiyo namba anaisoma nani?

Huku Mara jibu tunalo. Geti la Ndabaka, mlango wa Serengeti upande wa magharibi, liko pembeni ya barabara kuu ukitoka Bunda kwenda Mwanza. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu na kaburi lake pale Mwitongo. Sisi si Arusha. Watalii wetu ni wachache, ndiyo maana wakipungua tunaona siku hiyohiyo. Jirani yetu hapa Iringo ni dereva wa watalii. Hana mshahara, analipwa kwa safari. Safari zake zote za Novemba ziliahirishwa. Anayeisoma namba ni yeye, ni mama ntilie wa pale anapokula, ni bodaboda anayempeleka mkewe sokoni. Mshahara wa waziri umeingia kama kawaida.

Kwa hiyo kushangilia hapana. Lakini kuna wengine wanataka tunyamaze kabisa, eti tunaopiga kelele ndio tunaoichafua nchi. Hao nao tuwaambie ukweli.

Tahadhari zile hazikutokana na kelele za mtandaoni. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, mtandao ulizimwa, na ulikaa hivyo karibu siku 5. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 11 Novemba Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema taarifa ilizopata zinaonyesha mamia ya watu waliuawa. Na 9 Desemba 2025, Siku ya Uhuru wetu wenyewe, sherehe zilifutwa na wananchi tukaambiwa tubaki majumbani. Nani kamchafua nani hapo?

Tena tazameni hatari ilitoka wapi. Simba wa Serengeti hawakuandamana. Lakini mtalii aliyekuwa hifadhini wiki ile hakuweza kumwandikia mama yake kwamba yuko salama. Wakala hakuweza kuthibitisha safari, na viingilio vya hifadhi siku hizi vinalipwa kwa mtandao. Hofu haikutoka porini. Ilitoka kwa waliozima mtandao na walioshika bunduki.

Na wageni nao yamewakuta. Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Mwenyekiti wetu Tundu Lissu. Walikamatwa, na siku chache baadaye wakakutwa wametelekezwa, mmoja Kwale, mwingine mpakani Mutukula. Wote wawili wamesema waliteswa, na wamefungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki. Polisi walikanusha. Ni majirani zetu wa Jumuiya hao, watu ambao mkataba unasema waingie na kutoka bila bughudha.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo niruhusuni nifungue Katiba kidogo. Ibara ya 17, ya uhuru wa kwenda popote nchini, inazungumzia kila raia. Lakini ibara ya 14, haki ya kuishi, na ya 15, haki ya kuwa huru, zinasema kila mtu. Kila mtu! Haziulizi pasipoti. Kinga inayomlinda mtalii pale Ndabaka ndiyo hiyohiyo inayomlinda mvuvi wa Musoma. Hakuna ukuta wa wageni na ukuta wa wenyeji. Ni mmoja, ukitobolewa upande wetu, baridi inaingia hadi kwao.

Kumbukeni Mzee Ali Kibao. Tarehe 6 Septemba 2024 alikuwa msafiri tu, yuko ndani ya basi anaelekea Tanga. Akashushwa Tegeta mbele ya abiria wenzake, na kesho yake akakutwa amekufa. Nchi ambayo abiria anashushwa kwenye basi hivyo, utamwambiaje mgeni kuwa barabara ni salama?

Sibezi filamu ya Royal Tour ya 2022. Watu walikuja. Mwaka 2024 tulipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2, na hiyo ni ajira ya vijana. Lakini filamu inamwita mgeni, haimlindi. Anayemlinda ni hakimu anayeweza kumuuliza polisi swali gumu. Kenya si peponi, tuliona walivyopigwa risasi vijana Juni 2024. Lakini Septemba mwaka huohuo, Kaimu Mkuu wa Polisi wao, Gilbert Masengeli, alihukumiwa miezi 6 jela kwa kuidharau mahakama, baada ya kugoma kufika kueleza walipo watu waliotekwa Kitengela. Adhabu ilifutwa alipokwenda mwenyewe kusimama mbele ya jaji. Sisi tunataka kuona siku kama hiyo hapa.

Kwa hiyo tudai vitu vitatu. Anayekamata avae sare au aonyeshe kitambulisho, na aliyekamatwa afikishwe kituo kinachojulikana, kisha mahakamani ndani ya muda wa sheria. Mtandao usizimwe tena. Na mauaji ya Oktoba yachunguzwe na chombo huru, si tume iliyoteuliwa na Rais ambaye serikali yake ndiyo inatuhumiwa.

Na sisi tuna kazi yetu. Usirushe video ya nchi nyingine ukasema ni Mwanza. Uongo mmoja wetu unawapa kisingizio cha kukana maiti mia. Mgeni akikuuliza kama aje, usimdanganye na usimtishe. Mwambie hifadhi iko salama, watu wa Mara ni wakarimu, na wenyeji wake wanapigania haki ya kurudi nyumbani jioni wakiwa hai. Akija, akija na akili hiyo, karibu sana Butiama.

Siku dereva wa Iringo atakapolala bila kuogopa mlango kugongwa usiku, ile ngazi ya 3 itashuka yenyewe. Hatutahitaji filamu ya pili.