Msamaha wa Kodi Usiomfikia Mshona Nguo

Katika wilaya ya Haizhu, mjini Guangzhou, zipo Kangle mbili zilizotengwa na barabara moja tu, iitwayo Xingang Xi. Upande wa kaskazini ni bustani ya Kangle, kilipohamia Chuo cha Lingnan mwaka 1904, na ambapo tangu 1952 pana Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, chenye miti mikongwe, majumba ya matofali mekundu, na waalimu ambao ni watumishi wa serikali. Upande wa kusini ni kijiji cha Kangle, kilichomezwa na mji zamani, chenye vichochoro ambavyo jua huvifikia kwa shida, na karakana za cherehani ghorofa juu ya ghorofa, ambamo wengi wa mafundi ni watu waliohama mkoa wa Hubei. Na huko wenye karakana husimama njiani, kila mmoja ameshika nguo ya mfano mkononi, wakingojea fundi aitazame, waafikiane ujira wa kila nguo, ama kila mtu ashike njia yake.

Anayetaka kujua msamaha wa kodi katika akiba ya uzeeni humfaa nani, na avuke barabara ile. Maneno haya yanatuhusu, maana serikali zetu za Afrika Mashariki nazo zimeingia katika shauri hilo hilo, na nachelea kuwa zinaangalia upande mmoja tu wa njia.

Tuanze kaskazini. Kwa miaka mingi mtumishi wa serikali ya China hakukatwa kitu katika mshahara wake kwa ajili ya uzee. Alipostaafu hazina ilimlipa, na mfanyakazi wa kiwanda, aliyekatwa kila mwezi akaja kupata pungufu, alinung'unika kwa haki. Januari 2015 ikatangazwa kanuni mpya, iliyohesabiwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2014, kwamba mtumishi akatwe asilimia 8 kwa pensheni ya msingi, na asilimia 4 nyingine iingie katika mfuko wa nyongeza, ambao mwajiri naye huuchangia asilimia 8. Zile 4 hazitozwi kodi ziingiapo. Hutozwa mtu atakapozipokea uzeeni. Tena katika idara zinazolipwa moja kwa moja na hazina, zile 8 za mwajiri aghalabu ni maandishi ya daftarini, na fedha yenyewe huja siku ya kustaafu. Mtanzania hatalistaajabia jambo hilo, kwani serikali yake mwenyewe ililazimika kuupa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17, kwa sababu ya watumishi wa kabla ya 1999 ambao haki zao zilitambuliwa bila ya michango yao kuwekwa.

Mnamo Novemba 2022 ikaongezwa akaunti ya pensheni ya mtu binafsi, iliyoanzia katika miji na maeneo 36, Guangzhou ukiwamo, na Desemba 2024 ikaenezwa nchi nzima. Mtu huweka kwa hiari yake yuan zisizozidi 12,000 kwa mwaka; kiasi hicho huondolewa katika pato linalotozwa kodi; faida haitozwi maadamu imo ndani; na uzeeni hutozwa asilimia 3 ya kila atoacho. Kwa sikio la haraka, hiyo ni hisani kwa watu wote.

Lakini tufanye hesabu. Profesa ambaye sehemu ya juu ya pato lake hutozwa asilimia 20, akiweka yuan 12,000, huokoa 2,400 mwaka ule, na katika hizo 12,000 atakuja kulipa 360. Mkubwa wa kampuni atozwaye asilimia 45 huokoa 5,400, na deni lake la baadaye ni zile zile 360. Karani wa daraja la chini, atozwaye asilimia 3, huokoa 360 akaja kulipa 360, yaani amezungushwa akarudishwa alipokuwa. Ama fundi ambaye pato lake la mwaka halivuki yuan 60,000, kiwango ambacho chini yake hapana kodi, yeye haokoi chochote, na uzeeni atatozwa 360 ambazo asingalitozwa lau angaliweka fedha yake mahali pengine. Si ajabu basi kwamba kufikia katikati ya 2024 akaunti zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimefunguliwa, nazo nyingi hazikutiwa kitu.

Na fundi huyo ana nini kingine? Sheria ya bima ya jamii, iliyoanza Julai 2011, yamtaka kila mwajiri amchangie mfanyakazi wake. Lakini mwajiri ambaye mkataba wake ni neno la asubuhi na fedha taslimu za jioni hana daftari la kukaguliwa. Fundi akitaka kujichangia mwenyewe katika mfuko wa wafanyakazi wa mjini, hubeba asilimia 20 peke yake. Wale waliobahatika kuchangiwa, nao wakahamia mkoa mwingine, kanuni iliyoanza 2010 huwaruhusu kuchukua akiba yao yote, lakini katika mchango wa mwajiri, uliokuwa ukifikia asilimia 20 ya mshahara, hufuatana nao 12 tu, na salio hubaki katika mfuko wa mkoa waliouacha. Na fundi akirejea kwao shamba, ipo pensheni ya wakazi, ambayo kima chake cha chini cha taifa mwaka 2024 kilikuwa yuan 123 kwa mwezi, ilhali mstaafu wa chuo huhesabu maelfu. Novemba ile ile ya 2022 ambayo akaunti mpya zilizinduliwa, mafundi wa Kangle walikuwa wamefungiwa kwa sababu ya Korona, hawana kazi wala ujira, hata ghadhabu yao ikamwagika barabarani na habari zake zikafika kila pembe ya dunia.

Sasa tutazame kwetu. Kenya iliwaingiza watumishi wa serikali katika mfuko wa kuchangia mnamo Januari 2021, ambamo mtumishi huishia kutoa asilimia 7.5 na serikali 15. Kisha kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, mchango usiotozwa kodi ukapandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na malipo ya mwenye kutimiza umri wa kustaafu yakasamehewa kodi. Marekani, katika akaunti zilizoanza 1998 na kuitwa kwa jina la seneta William Roth, humsamehe mtu mwishoni tu, baada ya kumtoza mwanzoni. Kenya imesamehe mwanzoni na mwishoni. Mtumishi wa daraja la asilimia 30 akiweka shilingi 30,000 huokoa 9,000 kila mwezi. Fundi wa soko la Gikomba apataye chini ya 24,000 kwa mwezi hana kodi ya mshahara ya kusamehewa, kwa hiyo fungu lake katika hisani hiyo ni sifuri. Nchini Tanzania, ambako mifuko minne iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF, na mabishano ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, yakatikisa nchi kwa miaka kadhaa, ilikuwa kana kwamba uzee ni wa watumishi peke yao. Sikusikia mshona nguo wa Kariakoo akiulizwa kikokotoo chake ni kipi.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba asiyelipa kodi hawezi kusamehewa kodi, na kwamba mtumishi hajatenda kosa kwa kuwa na mshahara unaoonekana. Hoja hiyo ni ya kweli, nami simwonei mtumishi kijicho, kwani naye mara nyingi hujenga nyumba moja kwa miaka ishirini na kustaafu na madeni. Ila kodi iliyosamehewa ni mali ya umma iliyotumika, sawasawa na ile iliyojengea zahanati, tofauti ikiwa ni kwamba hii haisomwi bungeni kwa jina la aliyeipokea. Na fundi asiyelipa kodi ya mshahara huilipa ile iliyomo katika sabuni, sukari na vocha ya simu. Basi amekwisha kuichangia hazina itoayo hisani ambayo haimfikii.

Dawa yake haiko mbali. Rwanda, katika mpango wa Ejo Heza ulioanza 2018, serikali humwongezea mwenye kipato kidogo juu ya kile alichojiwekea, hata kama ni kwa simu na kwa kiasi kidogo, bila ya kumwuliza kwanza analipa kodi ya daraja gani. Huo ndio mwendo wa insafu: badala ya kusamehe sehemu ya kodi, ambayo humpa zaidi mwenye zaidi, hazina itie nyongeza ya kima kimoja katika akiba ya kila raia, awe profesa au mbeba mizigo; asiyepata msamaha wa kodi alipokuwa akiweka, asitozwe anapotoa; na mchango wa mwajiri, serikali ikiwa mwajiri wa kwanza, uwe fedha iliyopo, tena imfuate mwenyewe popote aendapo.

Bajeti zetu husomwa kila Juni. Waziri atakayetangaza msamaha mwingine juu ya akiba ya wastaafu, na aeleze papo hapo gharama yake kwa hazina na ni wangapi kati ya wanaofanya kazi nchini watakaoupata. Na wabunge, kabla ya kupiga makofi, wadai kiasi kama hicho kitengwe kwa wale ambao hawana mshahara wa kukatwa.